Kibamba, Kibada au Bunju: ukihama mjini, uelekee upande gani?

Kila mwaka masika yakipita napata simu za aina moja. Mtu kachoka na chumba na sebule ya Sinza, hapa Dar es Salaam. Mwenye nyumba kapandisha kodi na anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo, jirani kafungua baa, mtoto anachezea mpira kwenye korido. Anauliza, "Dada, nihamie wapi kwenye utulivu?" Na akiuliza ameshachanganywa tayari: dalali kamwonyesha nyumba Kibamba, shemeji anamvutia Kigamboni, rafiki wa kazini anaisifia Bunju kama anauza yeye.

Tabu ni kwamba kote huko kunafanana ukienda kutembea Jumapili saa tisa alasiri. Kuna upepo, kuna miembe, kuna uwanja wa kuanika nguo, na kimya mpaka unamsikia kuku wa jirani anavyotangaza yai lake. Ila wewe hutaishi huko Jumapili saa tisa tu. Kuna Jumatatu alfajiri, kuna Aprili, kuna siku mtoto ana homa saa nane za usiku.

Mimi nilikaa Kibada, huko Kigamboni, kwa dada yangu mwaka mzima. Baadaye tukajenga Kibamba, na huu ni mwaka wa saba. Kaka yangu yuko Bunju, si mbali na daraja la Mto Mpiji, na kwa misiba, kipaimara na vikao vya harusi nimelala kwake mara nyingi mno. Ofisi yangu iko Posta, katikati ya jiji. Njia zote tatu nimezipita, nyingine nikiwa nimeshikilia bomba la juu kwa kidole kimoja.

Tunapima kwa nini

Nitaziweka sehemu hizi tatu kwenye mizani ileile: njia ya kwenda na kurudi kazini, maji, barabara za ndani mvua ikinyesha, karatasi za ardhi, watoto, na jioni pamoja na Jumapili. Bei ya kiwanja na kodi ya nyumba sikuviweka makusudi. Huku pembezoni bei hubadilika kila baada ya nguzo mbili za umeme, na dalali atakutajia nyingine akiona viatu vyako.

Kuna jambo moja lisilopimika kwa mizani hiyo, nalo ndilo ninalomwuliza kila anayenipigia: nyumbani kwenu mchana anabaki nani? Utulivu wa pembezoni ni mali ya mchana. Mwaka wa pili tangu tuhamie Kibamba, mwembe wetu ulizaa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa natoka giza halijapasuka na kurudi saa mbili usiku, nauona mti kama kivuli tu karibu na simtanki. Jumapili moja nikachukua kapu niende kuchuma, dada wa kazi akanitazama kwa huruma: "Mama, embe ziliisha wiki iliyopita." Yeye na mwanangu walikuwa wamezila zote, wamekaa kwenye mkeka chini ya huohuo mti, na upepo wote ule nilioukopea benki ukawapuliza wao. Sikukasirika. Lakini tangu siku hiyo, mtu akiniambia anahamia pembezoni "apumzike", huwa namwuliza atapumzika saa ngapi.

Njia

Hapa tukae kidogo, maana mengine yote yana dawa. Maji utanunua, umeme utavuta, jirani mkorofi mtazoeana. Saa nne za barabarani kila siku hazina dawa.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Makazi yametawanyika kufuata barabara kuu nne, yaani Morogoro, Bagamoyo, Nyerere na Kilwa, ila kazi nyingi zimebaki zilipokuwa: Posta, Kariakoo, bandarini, na ukanda wa Morocco hadi Mwenge. Asubuhi jiji zima linaingia kwenye shingo ya chupa, jioni linatokea palepale.

Kibamba iko barabara ya Morogoro, na barabara yenyewe ndiyo fahari yetu. Kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kilomita 19.2 kwa njia nane, kwa hiyo kipande cha Kibamba mpaka Mbezi Luis, pale kwenye stendi ya mikoani, kinapitika upesi. Kazi inaanza Kimara. Wengi wetu tunashuka hapo tunapanda mwendokasi, ambayo tangu Mei 2016 inabeba watu kutoka Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco kwenye njia yake yenyewe. Ukishaingia ndani, foleni unaiangalia dirishani kama sinema ya mtu mwingine. Kuingia ndiko kwenye vita. Milango inafungwa kwa mabega ya watu, na mkoba inabidi uukumbatie kifuani kama mtoto mchanga. Mimi nikitoka nyumbani saa kumi na moja kasoro robo, saa kumi na mbili na nusu niko Posta na nimepata chai. Nikitoka saa kumi na mbili kamili, bosi simuahidi kitu.

Na kuna Jangwani. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Msimbazi unajaa lile bonde, na barabara ya Morogoro ikifungwa pale mwendokasi nayo inasimama. Wenye magari yao hukwepa kwa Goba kutokea Makongo. Sisi wengine tunazunguka kwa daladala tatu.

Kibada, ukiitazama kwa macho tu, ndiyo ya karibu kuliko zote. Ukisimama Feri unaiona Kigamboni ng'ambo ile pale, unaweza kuhesabu mitumbwi iliyofungwa. Pantoni linavuka kwa dakika chache, mtembea kwa miguu analipa shilingi 200, na ukishuka Magogoni unatembea hadi ofisini. Siku likikubali, hakuna mwenye maisha mazuri kuliko mtu wa Kigamboni. Unavuka na upepo wa bahari usoni, unanunua karanga za kukaanga, saa moja kasoro uko mezani. Siku likigoma, au limebaki moja kwa sababu mengine yako kwenye matengenezo, mnasimama nyuma ya geti kundi zima mnatazamana. Geti likifunguliwa kila mtu anakimbia, mpaka mzee mwenye bakora.

Mlango wa pili ni Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, lenye urefu wa mita 680, linalotokea Kurasini. Hili limewaokoa wengi, ila mambo mawili uyajue. La kwanza, vyombo vya moto vinalipa tozo. Zilipunguzwa mwaka 2022, lakini hata ndogo ukiizidisha kwenda na kurudi mara siku ishirini na mbili za kazi, inakuwa bili ya kudumu kama LUKU. La pili, daraja linakutema Kurasini katikati ya malori ya bandarini, na lori la kontena halina haraka na mtu. Pamoja na hayo, Kibada ndiyo yenye milango miwili inayojitegemea. Mmoja ukifungwa, unatokea mwingine.

Bunju inategemea barabara ya Bagamoyo, basi. Kwa daladala unatoka Bunju hadi Makumbusho, ukitaka Posta unaunganisha. Ni safari ndefu lakini ya kiti kimoja, na asubuhi ukipanda Bunju yenyewe, mwanzo wa gari, unakaa. Kaka yangu ana mto mdogo wa shingo, analala kutoka Bunju mpaka konda anapomgonga bega. Vikwazo viko Tegeta, Afrikana na Mwenge. Awamu ya mwendokasi iliyopangwa upande huu inaishia Tegeta, hivyo mtu wa Bunju ataendelea na hatua mbili hata mambo yakinyooka. Wenye magari hupenya Madale kutokea Goba, siri ambayo sasa inajulikana na kila mtu, nayo ina foleni yake.

Jioni ndiyo ngumu. Jirani wa kaka anafanya kazi Mwenge, na hasubiri gari la Bunju pale. Anapanda linaloingia Makumbusho, analipa nauli, anakaa, linageuza, linapita tena Mwenge alipokuwa amesimama, anawapungia wenzake. Kugeuza na gari: nauli mara mbili, kiti kimoja. Ukipiga hesabu ya usafiri wa Bunju weka na hiyo, maana wiki mbili za kwanza utajivunia kusimama, ya tatu utageuza.

Hapo nazungumzia Posta. Ofisi yako ikiwa Mikocheni, Kawe, Masaki au Mwenge, picha inapinduka: Bunju inakuwa njia moja isiyo na mzunguko, na Kibada inakulazimisha kuvuka mji mzima baada ya kuvuka bahari. Ikiwa Ubungo, Kibamba haina mpinzani. Ikiwa bandarini, Kurasini au Chang'ombe, mtu wa Kibada anafika wakati sisi bado tuko Kimara tunasukumana.

Maji

Mabomba makubwa mawili ya jiji yanapita kwenye barabara zetu mbili: la Ruvu Juu linafuata barabara ya Morogoro, la Ruvu Chini linakuja upande wa Bagamoyo. Kwa hiyo Kibamba na Bunju unaweza kuunganishiwa maji ya bomba, ila kuunganishwa ni jambo moja na kutoka ni jingine. Kibamba ni vilima. Wa bondeni anajaza ndoo, wa mlimani anafungua koki inamjibu kwa kupiga chafya. Ukiangalia nyumba Kibamba, omba ufungue bomba mwenyewe, na uulize yanatoka siku gani za wiki.

Kigamboni ni hadithi yake. Kisima kifupi cha Kibada mara nyingi kina chumvi. Kwa dada yangu sabuni ilikuwa haitoi povu, birika lilivaa ukoko mweupe kama chokaa, na tulinunua ya kunywa kwa madumu. Lakini chini zaidi, maeneo ya Kimbiji, kuna maji matamu mengi. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua kwa ukame na jiji likawekewa ratiba ya mgao, visima virefu vya Kigamboni ndivyo vilivyoingizwa kusaidia upande wa mjini. Tulicheka sana kwa simu, dada na mimi. Miaka yote nilimsimanga kwa maji yake ya chumvi, mwaka huo mimi ndiye niliyekuwa nasubiri boza la maji.

Kote kuwili, kote kutatu, nunua simtanki kubwa kabla ya kununua makochi.

Barabara za ndani

Udongo ndio unaotofautiana. Kibamba mteremko unachimba makorongo: barabara uliyopita na gari Februari, Mei ni mfereji, na bodaboda anakushusha chini ya kilima anakwambia "hapa mama utamalizia". Kibada ni mchanga. Mvua ikikata, baada ya saa mbili unatembea mkavu, lakini kiangazi gari dogo linazama matairi kama liko ufukweni. Bunju kuna vipande vya mfinyanzi unaoshika. Ndala zinabaki nyuma, wewe unaendelea. Kule Boko na Basihaya maji yana tabia ya kusimama, hayana haraka ya kwenda baharini.

Wafanyakazi wengi wa Kibamba na Bunju utawajua kwa kitu kimoja: asubuhi ya masika wamevaa ndala au buti za mvua, na viatu vya ofisini viko kwenye mfuko. Kuna mama mmoja kituoni kwetu mwenye genge ambaye kwa muda mrefu ametuwekea buti zetu chini ya meza yake mpaka jioni. Hatozi kitu, ila usimnunulie nyanya mtu mwingine.

Nyumba ikaangaliwe Aprili. Ukishindwa, angalia kuta za nje na za majirani karibu na msingi: mstari wa kahawia unaokwenda sawasawa nyumba hadi nyumba si mapambo, ni kipimo cha maji yalipofika.

Karatasi

Hapa Kibada na Bunju wana bahati ambayo Kibamba hatukuipata. Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima sehemu kadhaa za Kibada na za Bunju. Ndiyo maana ukiingia baadhi ya mitaa unakuta barabara zimenyooka, kona zina vigingi, na watu wana hati mkononi. Ukipata kiwanja kwenye vitalu hivyo, usingizi wako ni mzito.

Si kila cha Kigamboni kiko hivyo, lakini. Mwaka 2008 ulipotangazwa mji mpya wa Kigamboni, wenyeji walizuiwa kuendeleza maeneo yao kwa muda mrefu, wengine wakabaki na misingi iliyoota nyasi. Mpango ule ulipunguzwa na hatimaye ukaachwa. Mauzo ya kipindi kile yaliacha minyororo mirefu ya wauzaji, kwa hiyo uliza kiwanja kimepita mikononi mwa nani na nani.

Bunju ina mtego wa jina. Dalali anasema "Bunju, mbele kidogo tu", mnavuka daraja la Mpiji, na hapo umeshaingia Mapinga, wilaya ya Bagamoyo, mkoa wa Pwani. Hakuna ubaya, pana watu wanaishi vizuri na viwanja ni vikubwa. Ila mambo ya ardhi utayafuatilia Bagamoyo, na nauli ya kuelekea mjini ni nyingine.

Kwetu Kibamba wengi tulinunua kipande cha shamba la mzee fulani, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na urasimishaji wa makazi ukatukuta ndani. Muhuri wa mwenyekiti ni ushahidi kwamba mliuziana, si hati. Na barabara ina eneo lake. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kwenye hifadhi ya barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuja upande wetu, zikiwamo za watu waliokuwa wameishi miaka mingi wakilipa na kodi za majengo. Ukionyeshwa nyumba ya bei nzuri inayotazama lami, pima umbali na nenda TANROADS, wakala wa barabara, kabla hujanywa hata soda ya mwenye nyumba. Kote, fanya upekuzi ofisi ya ardhi. Ni gharama ndogo ukilinganisha na malipo ya wakili.

Watoto

Kosa la wengi ni kuhama na kumwacha mtoto kwenye shule ileile ya mjini. Basi la shule linampitia saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa kumi na mbili jioni amelala, shavu limechorwa mistari ya kiti. Tulifanya hivyo muhula mmoja. Mwanangu alikuwa na miaka sita na alianza kuniuliza siku za wiki kama mfungwa anayehesabu.

Ukihama, hamisha na shule. Bunju ndiyo yenye uchaguzi mpana, kwa sababu kuanzia Tegeta, Boko hadi Bunju shule binafsi zimepangana. Kibamba zipo za kutosha kandokando ya barabara kuu, na za serikali zina watoto wengi. Kibada uchaguzi ni mdogo kidogo, ingawa umbali wa kutembea ni mfupi na mchanga hauchafui soksi. Kwa hospitali, Kibamba tuna Mloganzila hapa jirani, jambo ambalo hulithamini mpaka usiku wa homa. Kigamboni ina ya Vijibweni, Bunju ina ya Mabwepande. Kwa rufaa kubwa, wa Kigamboni avuke, wa Bunju ashuke na foleni.

Jioni na Jumapili

Kibamba kimya kinategemea umbali wako na lami. Malori ya mikoani yanapita usiku kucha, na ukiwa karibu utajifunza kutambua yanavyopunguza gia kwenye mteremko. Ingia ndani kilomita mbili, utasikia vyura tu, na giza. Bunju inafanana na kwetu, ila ina ladha ya Bagamoyo: Jumamosi unaweza kwenda Bagamoyo na kurudi bila kulipanga wiki nzima. Kibada wakati wa wiki ni tulivu kuliko sote. Jumapili inageuka, mji unahamia fukwe za Mjimwema, na jioni watu wote hao wanataka pantoni moja. Dada yangu Jumapili alikuwa hatoki kabisa.

Wapenzi wa mpira nao wana la kufikiria. Uwanja wa mazoezi wa Simba uko Bunju, na Yanga wamekuwa na kambi Avic Town, Kigamboni. Ukihamia upande usio wako, kula kiapo cha kunyamaza siku ya watani.

Kitu ambacho hakuna dalali anakisema ni kupungua kwa wageni. Miezi miwili ya kwanza ndugu wanakuja na zawadi za nyumba mpya, baadaye wanakupigia simu tu. Unabaki na majirani, na majirani wa pembezoni ni ndugu kwelikweli: ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaomshika kibaka, ndio wenye gari saa nane usiku. Michango ya ulinzi shirikishi na ya kifusi cha barabara itolewe kwa wakati, na msibani uonekane, hata kwa nusu saa na nguo za ofisi. Aliyezoea Sinza kufunga mlango na kumaliza huku atapata shida.

Kwa hali yako

Kama mko wawili, wote mnafanya kazi Posta au Kariakoo na hamna mtoto, sioni haraka ya kuhama. Hama chumba, usihame mji; tafuta mtaa wa ndani usio na baa. Pesa ya nauli na ya kugeuza inalipa tofauti ya kodi.

Kama kazi yako ni ya zamu, unaingia saa nne au unatoka saa nane mchana, chagua popote kati ya hizi tatu kwa moyo mweupe. Foleni haikuhusu. Wauguzi na walimu wa huku ndio wanaofaidi upepo pamoja na dada wa kazi.

Kama nyumbani anabaki mzazi mzee au mtoto mdogo, Kibamba ya ndani, upande unaofika Mloganzila bila kuvuka korongo, ina uzito wake. Mzee akiwa anapenda kutembea, vilima vitamchosha. Hapo Kibada ni tambarare.

Kama unataka kujenga na huna kifua cha kesi, tafuta kitalu kilichopimwa Kibada au Bunju, hata kikiwa kidogo, kabla ya ekari moja ya mzee asiye na karatasi kokote kule.

Kama una gari na kazi iko Mikocheni au Masaki, Bunju. Kama una gari na kazi iko bandarini, Kibada, na tozo iingize kwenye bajeti tangu mwezi wa kwanza. Kama huna gari na unaweza kuamka saa kumi, Kibamba itakufikisha. Usipoweza kuamka, usijidanganye kwamba utabadilika kwa sababu ya kiwanja.

Anayefanya kazi Vingunguti, Tazara au uwanja wa ndege hakuwamo kwenye orodha yangu. Huyo atazame Pugu na Chanika kwanza, barabara ya Nyerere, badala ya kuzunguka kwetu.

Na aliye katikati bado, apange nyumba kwanza. Apange miezi sita inayoanza Februari, ili masika yamkute ndani. Akiona miezi sita ni mingi, aombe kulala kwa mtu wa upande anaoutaka kuanzia Jumapili usiku, aamke naye Jumatatu, asimame naye kituoni, arudi naye jioni bila kupanda bajaji ya kukodi. Kwangu nafasi ipo. Aje na buti.